Sio Joto, Ni Nuru

Kuna watu wamezaliwa wabishi, na kuna watu ubishi wameusomea. Fundi Nuru alikuwa navyo vyote viwili. Kwa miaka thelathini na moja alikata na kufunga vioo vya madirisha, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akikubali kwamba chumba alichokifungia kioo kina joto. Kazi yake ilikuwa kuingiza nuru majumbani mwa watu, ndiyo maana wakampa jina hilo, naye akalivaa na kutembea nalo kifua mbele. Mteja akimpigia simu kulalamika kwamba sebule haikaliki mchana, Fundi Nuru alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akakohoa kidogo, kisha akamjibu, "Sio joto hilo, ndugu yangu. Ni nuru. Hujaizoea tu."

Na alivyolisema kwa upole, mteja alikata simu akijiona mshamba.

Alikuwa mfupi, amejaa mikono, na vidole vyake vilikuwa na makovu meupe madogo madogo ambayo angeweza kukusimulia moja baada ya jingine kama ungekuwa na siku nzima. Barabarani hakuangalia watu, aliangalia madirisha. Akipewa maji ugenini, aliigonga glasi kwanza kwa ukucha, akatega sikio, ndipo akanywa. Mkewe alimkanya jambo hilo mpaka akachoka, akaamua kumwacha na glasi zake.

Lakini kama kuna kitu kilichompandisha mori, kilikuwa stika. Kioo hutoka kiwandani kimebandikwa karatasi yenye maandishi na mishale, na karatasi ile ikipigwa na jua mchana mmoja tu, gundi yake hung'ang'ania kioo, utaikwangua mpaka ustaafu. Kwa hiyo Fundi Nuru alijiwekea sheria: kioo hakivuki mlango wa karakana yake kikiwa na stika. Alizibandua mwenyewe, kwa ukucha wa dole gumba alioufuga kwa kazi hiyo peke yake, kisha akazivingirisha juu ya zile za zamani. Stika za miaka thelathini na moja zilikuwa zimefanya mpira mkubwa kuliko kichwa chake, nao ulikaa kwenye rafu mahali ambapo watu wengine hutundika leseni. "Hicho ndicho cheti changu," aliwaambia waliouliza. Kuzisoma stika zenyewe, hapana. Fundi gani anasoma karatasi?

Sasa twende nyumbani kwake, maana kisa kiko huko.

Nyumba aliijenga miaka kumi na moja kabla ya mambo haya, ndogo lakini nadhifu, sebule ikitazama magharibi. Ukuta wa mbele wa sebule aliuacha wazi, akaujaza kioo kitupu kutoka usawa wa magoti hadi karibu na dari, vipande vitatu bega kwa bega. Alitaka kila apitaye aone kazi yake. Majirani walilipa dirisha lile jina la Televisheni, kwa sababu kutoka barabarani waliona kila kitu: nani amekaa, nani amesinzia, nani amevua shati. Kuvua shati ndiko kulikokuwa kwingi, kwani kuanzia saa nane mchana jua likianza kuteremka upande ule, sebule iliiva.

Familia ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeupanga. Saa nane mke alibeba kiti chake na kwenda koridoni. Watoto, kabla hawajakua na kwenda kujitegemea, walifanyia kazi za shule sakafuni karibu na mlango wa bafu, mahali penye vigae vya baridi. Jua likizama, wote walirejea sebuleni kama watu waliotoka safari. Baba peke yake hakuhama. Alikaa mbele ya Televisheni na gazeti lake, jasho likimchuruzika mpaka kwenye soksi, akifuta miwani kila baada ya aya mbili.

"Baba Watoto, njoo huku kwenye ubaridi," mkewe aliita kutoka koridoni.

"Huku nasoma vizuri. Pana nuru."

Mke alitundika mapazia mazito. Mume aliyashusha, akasema yana vumbi, yakafuliwe. Yalikuwa kwenye kufuliwa kwa mwaka wa sita.

Basi siku moja mama mkwe wake akaanguka jikoni kwake. Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha mikate, amesimama mbele ya mlango wa tanuri, na mwili ulikuwa umechoka na joto la dunia nzima. Daktari aliwaambia wanawe wawili bila kuzungukazunguka kwamba asiishi tena peke yake, na asikae mahali pa joto. Joto likimzidi, presha inashuka, anaanguka, na siku nyingine anaweza asiamke.

Watoto wake walikuwa wawili tu, mke wa Fundi Nuru na kaka yake, huyu shemeji anayeishi mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari. Shemeji alikuwa mtu mwema lakini mwenye kujisikia, nyumba yake ina kiyoyozi kila chumba, hadi stoo. Mama hakutaka kwenda huko. Alisema kule atakuwa nyanya kwenye jokofu. Alitaka kukaa kwa binti yake. Mwisho wakakubaliana: akae kwa binti mwezi mmoja, Jumamosi ya mwisho shemeji aje na gari, aone mwenyewe. Kama nyumba haimfai mama, amchukue moja kwa moja.

Usiku wa makubaliano hayo mke hakugombana wala hakununa. Alikaa mkabala na mumewe.

"Nataka kukuomba kitu kuhusu dirisha," akasema. "Sijawahi kukuomba."

"Umeniomba miaka kumi na moja."

"Nilikuwa nakusema. Leo nakuomba."

Fundi Nuru alipekua gazeti kutafuta ukurasa ambao haukuwepo. Kisha akasema atabadilisha vioo, si kwamba pana tatizo lolote, bali kwa kuwa teknolojia imesonga mbele na fundi lazima aende na wakati. Mkewe akamshukuru, akaenda zake koridoni akatabasamu.

Vioo alivyoviagiza havikuwa vya mchezo. Kila kipande kilikuwa vioo viwili vilivyobanwa pamoja vikiachiana nafasi ya upana wa kidole, hewa imefungiwa katikati. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kimepakwa utando mwembamba wa madini, usioonekana kwa macho, kazi yake kulikamata joto la jua na kulirudisha lilikotoka. Dada wa ghalani alimweleza kwa simu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Fundi, hiki kina nje na kina ndani. Chenye utando kinakaa upande wa jua, ili joto liishie huko huko nje. Ukikigeuza, joto litakuja kukaa kwenye kioo cha ndani, litawapumulia nyinyi. Usiwe na wasiwasi, stika itakuonyesha."

Fundi Nuru alisikia neno "stika", na neno hilo likafunika mengine yote yaliyotangulia. Alimjibu kwamba yeye alianza kufunga vioo kabla dada hajajua kutembea. Vioo vilipofika asubuhi, kabla hata dereva hajanywa maji aliyopewa, stika zote tatu zilikuwa zimeshabanduliwa na kuvingirishwa kwenye mpira.

Akavifunga siku hiyo hiyo, na mwenzake wa kumsaidia kubeba. Na alifunga vizuri, tusimwonee. Mistari ya silikoni ilinyooka, fremu haikuwa na alama hata ya kidole. Alirudi nyuma hatua tano, akaitazama kazi yake, akajipongeza kwa sauti. Upande upi ulikuwa wa nje na upi wa ndani, hilo halikumpitia akilini hata kidogo.

Mama mkwe akaja na mkoba mmoja na beseni la plastiki la rangi ya kijani. Wakampa chumba kilichokuwa cha watoto, chenye mlango unaofungukia sebuleni. Mchana wa kwanza alikaa kwenye kochi karibu na dirisha. Ilipofika saa tisa alinyoosha mkono, akakigusa kioo kwa nyuma ya kiganja, kama alivyougusa mlango wa tanuri kwa miaka thelathini. Akaurudisha mkono mapajani haraka. Mama mkwe na mkwe wana heshima yao, na mama huyu hakuwa mtu wa kumuumbua mwanamume nyumbani kwake, tena aliyemfuata stendi na kumbebea mkoba.

Kesho yake aliomba unga na hamira.

Alikanda kinyunga jikoni, akakifunika kwa kitambaa ndani ya beseni la kijani, akaja kukiweka kwenye ukingo wa dirisha saa nane kamili. Saa tisa kasorobo kinyunga kilikuwa kimeumuka mpaka kimekiinua kitambaa.

"Dirisha zuri hili, mkwe wangu," akasema. "Kule kiwandani tulihangaika sana kupata mahali kama hapa."

Fundi Nuru akavimba kichwa. Jioni alikula mkate vipande vitano, akasifu. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne alikuwa anatafuna huku akimtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anamimina chai kwa utulivu mkubwa, na mke alikuwa ameinamia sahani mabega yakimtikisika. Ndipo maana ya mkate ikamfikia. Tonge likamkwama kooni, akaomba maji, akasahau hata kuigonga glasi.

Hata hivyo alijikaza kisabuni. Mchana aliketi karibu na dirisha akiligusa kwa siri, akaungua, akajiambia kwamba vioo vipya vinahitaji muda. Muda wa nini, hakujiuliza. Na mkate ukaendelea kupikwa kila siku, laini, mtamu, usiosamehe.

Kilichokuwa kinamsumbua ni kwamba alimpenda yule mama. Hakutegemea. Alidhani atakuwa anapita pembeni pembeni kwa mwezi mzima akivuta suruali na kuchunga ulimi, lakini mama alishona vifungo vya mashati yake bila kuulizwa, akamsikiliza habari za makovu ya vidole, yote, tangu la kwanza, hata akauliza maswali. Na mkewe alikuwa amepata upya kicheko ambacho Fundi Nuru alikuwa amekisahau, kile cha mwanzo mwanzo, cha kuegemea ukuta. Kila akiingia mlangoni jioni alikisikia kutoka jikoni, akasimama kidogo na viatu vyake mkononi asikilize. Hakutaka kicheko kile kipakiwe kwenye gari la shemeji.

Wiki ya nne, Jumatano mchana, mama aliinuka kwenye kochi, akashika hewa, akashika pazia ambalo halikuwepo, akakaa chini ghafla. Midomo yake ilikuwa imepauka. Binti yake akamkimbilia, akampeleka koridoni, akamlaza kwenye vigae karibu na bafu, akampepea kwa mfuniko wa sufuria. Baada ya robo saa mama alikuwa akitania kwamba hajawahi kulala mahali pazuri hivyo. Lakini binti yake alikuwa ameshatoka uani na simu sikioni.

"Jumamosi kaka anakuja kama tulivyokubaliana," alimwambia mumewe jioni ile. "Nimemwambia amchukue. Sitakulaumu wala sitalizungumza tena. Umejitahidi."

Hilo la kujitahidi ndilo lililomuuma Fundi Nuru kuliko yote. Bora angetukanwa.

Alhamisi, saa moja jioni, umeme ukakatika mtaa mzima. Mkewe alikuwa bado kwa jirani. Fundi Nuru alikuwa kwenye kochi, amekaa gizani kama mzigo, aliposikia mama mkwe anakuja polepole kutoka jikoni na mshumaa. Alikuwa anakwenda kulitazama beseni lake. Akauinua mshumaa karibu na kioo, akasogeza jicho.

"Mkwe wangu," akasema, "mshumaa ni mmoja, mbona humu naona minne?"

"Ni kawaida, mama. Vioo ni viwili, kila kimoja kina nyuso mbili. Kila uso unakuonyesha mshumaa wake."

"Sawa. Na huyu mmoja mbona amevaa nguo tofauti? Watatu weupe, huyu wa pili mwekundu mwekundu."

Fundi Nuru aliinuka. Alijua, na alijua kabla hajafika dirishani, kwa sababu miaka mingi nyuma, katika semina ambayo aliihudhuria kwa ajili ya chakula cha mchana, mwalimu aliwaonyesha jambo hilo kwa kiberiti: uso wenye utando unatoa mwali wa rangi nyingine. Akasogeza uso wake karibu na wa mama. Akahesabu kutoka chumbani. Mmoja mweupe. Wa pili, mwekundu. Wa tatu mweupe, wa nne mweupe. Mwekundu ulitakiwa uwe wa tatu. Utando ulitakiwa kuwa kwenye kioo cha nje, nao ulikuwa kwenye kioo cha ndani, sebuleni, umewakumbatia.

Akaenda kipande cha pili na cha tatu, mama akimfuata na mshumaa bila kuuliza. Vyote hivyo hivyo. Alikuwa ameikosea kazi yote, kwa usahihi mkubwa, bila kupotoka hata milimita moja.

Alitoka bila viatu mpaka karakanani, hatua ishirini kutoka mlangoni, akarudi na mpira wa stika kaukumbatia. Akakaa sakafuni, akaanza kuuchambua kwa ule ukucha. Chini ya chache za wiki hizi akazikuta zile tatu. Mama akashusha mshumaa. Kulikuwa na mshale mkubwa mwekundu, na mchoro wa jua linalocheka, na maandishi makubwa ambayo hata mama mwenye mtoto wa jicho aliyasoma bila taabu: UPANDE HUU NJE.

"Lina meno hili jua," mama akasema.

Mke alirudi kutoka kwa jirani, akawakuta wawili sakafuni, mama yake ameshika mshumaa na mumewe ameshika mpira. Akasimama mlangoni. Fundi Nuru akamtazama.

"Mke wangu," akasema, "humu ndani kuna joto."

Mke akatafuta kiti kwa mkono wa nyuma, akakaa.

"Na lilikuwepo tangu tujenge," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Lile dirisha la kwanza lilikuwa na joto. Hili nalo nimelifunga nyuma mbele. Nimekosea."

Hakuna aliyecheka. Mke alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema ni moshi wa mshumaa. Fundi Nuru naye alikuwa anawafikiria wateja wote aliowaambia hawajaizoea nuru, na hasa yule mwalimu mstaafu aliyehamishia kitanda chake jikoni. Kisha mama akauliza swali la mtu wa kazi.

"Kinageuzika?"

"Kinageuzika, mama."

"Basi kesho kuna siku nzima."

Ijumaa asubuhi walianza mapema, jua likiwa bado upande wa pili wa nyumba. Mwenzake wa kumsaidia kubeba alikuwa ameenda kazini mji wa jirani, na kipande kimoja cha kioo kile hakibebwi na mtu mmoja. Mke akakunja mikono ya gauni. Fundi Nuru alikata silikoni yake mwenyewe kwa wembe, ile iliyonyooka, ile aliyojipongezea, akawa kama mtu anayechana cheti. Kisha akabandika vishikio vya mpira kwenye kioo, viwili kwake, viwili kwa mkewe.

"Inua kwa magoti, sio mgongo."

"Muda wote tuliooana, leo ndio unanifundisha kuinua."

"Hujawahi kubeba kioo."

"Nimekibeba kichwani miaka kumi na moja. Kushoto au kulia?"

Mama alikuwa amekaa kivulini na beseni lake mapajani, akisimamia. Walipokishusha kipande cha kwanza, wakakizungusha na kutaka kukirudisha, akawasimamisha. Akadokoa kinyunga kidogo, akakipaka nyuma ya ile stika kama gundi, akaibandika kwenye kioo cha nje, mshale na jua lenye meno vikitazama barabarani. Akafanya hivyo kwa vipande vyote vitatu. Fundi Nuru alitazama stika zikirudi kwenye kioo safi, ukucha wa dole gumba ukamwasha, akauficha ndani ya ngumi. Majirani wawili waliokuwa wamesimama ng'ambo waliiona Televisheni ikigeuzwa na wakataka kujua kulikoni. Mke aliwajibu kwamba wanabadilisha chaneli.

Kabla ya saa sita vyote vitatu vilikuwa mahali pake. Fundi Nuru aliwasha kiberiti, akauziba mwanga wa jua kwa blanketi kichwani, akahesabu. Wa tatu. Akahesabu mara nne kila kipande. Mkewe alimwita aje kula, akajibu kutoka ndani ya blanketi kwamba anakuja.

Jumamosi shemeji aliwasili saa saba na nusu, gari likinguruma, feni ndogo ya mkononi shingoni. Alimsalimia mama yake, akamkumbatia dada yake, akampa Fundi Nuru mkono wa huruma.

"Shemeji, usijisikie vibaya. Kwangu atapata kiyoyozi."

"Karibu ukae, shemeji," Fundi Nuru akasema.

Mkoba wa mama ulikuwa tayari mlangoni. Shemeji akaubeba, akaupakia kwenye buti, akarudi ndani, akakaa kwenye kochi la dirishani kusubiri mama anywe chai. Mama hakuwa na haraka na chai. Saa nane kamili aliingia na beseni la kijani, limefunikwa kwa kitambaa, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha, mahali pale pale pa kila siku, akakaa kando yake.

Mke wa Fundi Nuru akakaa pia. Fundi Nuru hakuweza kukaa. Alisimama katikati ya sebule akijifanya anaitazama saa ya ukutani, na kusema kweli alikuwa anaitazama. Saa nane na robo jua likagonga dirisha. Likapiga stika zile tatu, zikang'aa, sakafuni vikatokea vivuli vitatu vya mraba. Saa nane na nusu. Shemeji alikuwa anasimulia habari za barabarani, kisha habari zikamwishia, kisha akaitoa ile feni shingoni, akaiweka mezani, bila kufikiri. Saa tisa kasorobo. Mke alimtazama mama yake, na mama alikuwa anatazama kitambaa.

Saa tisa na robo mama akaweka nyuma ya kiganja kwenye kioo. Safari hii hakuutoa mkono. Aliuacha pale mpaka shemeji akauliza kama kuna kitu. Kisha akafunua beseni, akawaonyesha wote. Kinyunga kilikuwa kimelala chini, kizito, kimejikunyata, vile vile kama alivyokitoa mezani.

"Mkwe wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira ya kujifanya ambayo haikumdanganya mtu, "umeniharibia mkate."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Baba, kautoe mkoba wangu kwenye gari. Na ufunge buti taratibu, usinivunjie dawa zangu."

Shemeji alimtazama mama, akamtazama dada yake ambaye alikuwa ameegemea ukuta anacheka kile kicheko, cha mwanzo mwanzo, machozi yakimtoka, akaenda kuchukua mkoba.

Fundi Nuru alibaki amesimama na mikono yake minene isiyojua pa kukaa. Mwisho akaliinua beseni la kijani, akalikumbatia kifuani kwa uangalifu aliokuwa nao kwa vioo peke yake.

"Usijali, mama," akasema. "Nalipeleka karakanani. Kule dirisha lina kile kioo changu cha zamani, na saa hizi linapigwa na jua moja kwa moja. Kitaumuka sasa hivi. Kule kuna joto kali."

Akatoka nalo, na kutoka mlangoni walimsikia akimwambia shemeji, ambaye hakuwa ameuliza chochote, kwamba hata wateja wake wamelalamikia joto miaka yote, nao wana haki.